Mtoto aujue mto kwanza, bendera baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe neno kwa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani huku Minnesota, hasa wenye watoto wa miaka mitano hadi minane. Somo la jimbo wengi hulianza kwa alama: ndege, ua, mti, na tarehe 11 Mei 1858 Minnesota ilipokuwa jimbo la 32. Mtoto anakariri wiki nzima, kisha ukimuuliza anaishi jimbo gani anajibu, "Marekani." Si uzembe. Bado hajajua kwamba mji umo ndani ya kaunti, kaunti ndani ya jimbo, na jimbo ndani ya nchi.

Kiswahili nacho kinamchanganya. Akimwambia bibi kwa simu kuwa anasoma habari za jimbo, bibi aliyeko Tanzania anawaza jimbo la uchaguzi lenye mbunge mmoja. Mweleze mapema kwamba jimbo la huku lina gavana, bunge na sheria zake, na makao makuu ni Saint Paul, ingawa Minneapolis ndio mji mkubwa zaidi.

Kata karatasi nne za mraba zenye upande wa sentimita 5, 10, 15 na 20. Ya kwanza andika mji wenu, kisha kaunti, jimbo, nchi. Kila asubuhi azivuruge na kuzipanga upya, kubwa chini, akitaja majina. Mpaka amalize siku tatu mfululizo bila kukosea, ramani isubiri.

Ramani yenyewe ifinyangeni. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, na maji yasiyozidi kikombe 1, yakimiminwa kidogo kidogo. Donge likinata vidoleni maji yamezidi, na likikauka litapasuka. Mpaka wa jimbo uchorwe kwenye kadibodi mbili zilizogundishwa, maana moja itapinda kwa unyevu. Tandaza unene wa nusu sentimita. Kaskazini-mashariki inua Mlima Eagle, mita 701, na karibu yake bonyeza Ziwa Superior, ambalo uso wake uko mita 183 tu, mahali pa chini kuliko pote jimboni. Kilele na bonde vinakaa jirani, na mtoto anavigusa kwa kidole.

Kabla donge halijakauka, achore mito kwa ncha ya penseli. Hapa msiharakishe. Watoto hudhani kaskazini ni juu kama mlimani, kwa hiyo maji lazima yateremkie kusini. Lakini Mississippi hutoka Ziwa Itasca ukaelekea kaskazini hadi Bemidji, ndipo ukazunguka mashariki na kushuka kusini mpaka Ghuba ya Meksiko. Mto Red, mpakani magharibi, unakwenda kaskazini hadi Kanada. Ilazeni ramani sakafuni, kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli. Ile ya kutundikwa ukutani ndiyo inayozaa kosa hili. Iachwe siku mbili tatu ikauke, ndipo ipakwe rangi.

Alama za jimbo zije sasa, zikiwa na mahali pa kukaa. Anza na mpunga mwitu, nafaka ya jimbo, ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, huuita manoomin. Huota kwenye maji ya kina kifupi na huvunwa kwa mtumbwi: mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mabua kwa fimbo moja na kuyapiga taratibu kwa nyingine, punje zikiangukia mtumbwini. Mtoto aigize kwa penseli mbili. Na tafadhali, msiwasimulie Wadakota na Waojibwe kama watu waliokwisha. Jina Minnesota limetoka kwa Wadakota, na leo jimboni kuna mataifa 11 ya wenyeji yenye serikali zao.

Kuhusu bendera, angalieni mwaka wa kitabu. Vilivyochapwa kabla ya 2024 vina bendera ya zamani. Ya sasa, iliyoanza 11 Mei mwaka huo, ina buluu nzito upande wa mlingoti yenye nyota nyeupe ya pembe nane, na buluu hafifu upande wa pili.

Kaunti ziko 87. Umri huu, yenu na zile mnazopakana nazo zinatosha.

Mzazi anayesomesha nyumbani,
Saint Paul, Minnesota