720,720: Kuzidisha zote si KDS

Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe walimu wa skuli za Unguja na Pemba waiandike ubaoni namba 720,720. Ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 1 hadi 16, yaani namba nzima ndogo kuliko zote, ukiacha sifuri, inayogawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16.

Mwanafunzi akiambiwa aitafute, mara nyingi huzidisha zote kumi na sita na kupata 20,922,789,888,000. Inagawanyika kweli, lakini ni kubwa mno: ndani yake 2 imeingia mara 15, na mara nne zinatosha.

Achukue kila namba tasa kwa kipeo chake kikubwa tu: 16 (yaani 2 mara nne), 9 (3 mara mbili), 5, 7, 11 na 13. Aanze 16 × 9 × 5 = 720. Kisha 7 × 11 × 13 = 1,001, na hapa ndipo penye utamu wenyewe: namba yoyote ya tarakimu tatu ikizidishwa kwa 1,001 hujirudia, ndiyo maana 720 × 1,001 = 720,720. Kwa hiyo hata 358,358 inagawanyika kwa 7, 11 na 13, bila kushika kalamu.

Kuhesabu vigawo vya 720,720, ongeza 1 kwenye kila kipeo (4, 2, 1, 1, 1 na 1), uzidishe: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Lakini ukiigawa 720,720 kwa 17, hubaki 5.

Mwalimu wa hisabati,
Wete, Pemba