Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania: tuanze na kinachokufa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wote. Kazi ya kuhifadhi magazeti, kanda na vitabu kidijitali ni kubwa, fedha ni chache, na kila mtu ana maoni yake kuhusu nini kitangulie. Ombi langu ni moja: kitangulie kile kinachokufa na hakina nakala kwingine, hata kama hakina jina.

Nasema hivyo maana mvuto uko upande mwingine. Mgeni akija huonyeshwa kilicho kikongwe. Nyaraka za utawala wa Wajerumani ziliingia kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na miswada ya Kiarabu ya Zanzibar ikafuata mwaka 2003. Zinastahili heshima hiyo. Lakini ukongwe si ugonjwa. Karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matambara hudumu karne na karne zikikaa pakavu, ilhali karatasi ya gazeti, iliyotokana na mti uliosagwa, ina asidi ndani yake na hujimaliza yenyewe. Ukipata juzuu la gazeti la Ngurumo la miaka ya 60, lifungue taratibu. Kingo zimekuwa rangi ya chai, na kila ukigeuza ukurasa vipande vinabaki mezani: robo ya shairi, jina la mwandishi wa barua, mwisho wa tangazo la dansi. Maisha ya watu wa kawaida wa Dar es Salaam yamo humo kuliko yalivyo kwenye majalada ya serikali.

Kanda za sauti ziko pabaya zaidi. Katika joto na unyevu kama wa pwani, gundi inayoshika unga wa sumaku hulainika, kanda ikanata kwenye mashine na kuchubuka. Tena mashine zenyewe zinakwisha. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walionya kwamba baada ya 2025 huenda kanda nyingi zisisikilizike tena kwa kukosa vifaa. Mwaka wenyewe umeshatufikia. Mzee aliyehojiwa miaka ya 70 hatunaye wa kumhoji tena.

Nini kisubiri? Hapa najua nitakosana na baadhi ya wakutubi. Visubiri vitabu vya kiada, na kitabu chochote kilichochapwa ambacho maktaba nyingine tano wanacho. Ni rahisi kuviskani na vinapendezesha taarifa ya mwaka kwa wingi wa kurasa, lakini havina haraka.

Halafu, kuskani si kuhifadhi. Niliwahi kuomba faili kwenye maktaba moja, nikaletewa diski ya nje iliyokuwa kwenye droo ya ofisa, ndani yake mafolda ya "Scan0047" na "Scan0048" bila tarehe wala jina la gazeti. Diski ile ikidondoka, mradi mzima umekwenda. Na si sisi tu tulio hatarini. Aprili 18, 2021 moto uliunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library ya London, na miswada waliyokwisha kuiweka mtandaoni ikawa haifikiki kwa miezi mingi. Basi nakala ziwe tatu: moja Dar es Salaam, moja Dodoma, na moja isiyounganishwa na mtandao kabisa. Skana mpya huzinduliwa kwa utepe na picha. Mshahara wa mtu wa kukagua faili kila mwaka hauna utepe, lakini ndio unaopaswa kuingia kwenye bajeti kwanza.

Kuna pia maandishi ambayo hayakuwahi kuwa karatasi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, baadhi ya wenye blogu waliacha kuandika. Kurasa zao zikifutwa, hakuna juzuu la kufungua.

Naomba basi, kabla ya Bunge la Bajeti lijalo, ofisi yako itangaze orodha ya makusanyo yasiyo na nakala kwingine, na hali ya kila moja. Wengine tutajitolea kusaidia kuyaorodhesha, hata kwa kuandika majina ya faili tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa maktaba, Dar es Salaam