RISALA YA WATUMIA MAJI WA MFONGO KWA MGENI RASMI, WIKI YA MAJI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mheshimiwa diwani, mtendaji wa kijiji, wazee wetu wa mfongo na ndugu zetu mliopanda kutoka Moshi mjini na tope hili lote, shikamooni na karibuni sana. Tumeambiwa ratiba yako imebana na risala iwe fupi, kwahiyo historia tutaipitia mbiombio.

Mifongo hii ya Kilimanjaro, yaani mifereji ya asili ya maji, ilichimbwa na mababu kabla Mjerumani hajafika, ikasimamiwa na koo na mamangi (machifu wetu), umangi ukafutwa baada ya uhuru, mfongo ukabaki. Sisi tukajisajili kama kikundi baada ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mafanikio yetu ni makubwa mno: tuna katiba, tuna muhuri, tuna akaunti benki, na tumepanda mikuyu na misesewe kwenye chemchemi ambayo ukitoa ile iliyoliwa na mbuzi (mwenye mbuzi yupo hapa na anajijua) inaendelea vizuri. Tunasifika wilaya nzima, au tuseme kata nzima.

Sasa Mheshimiwa, jambo lenyewe ni banio, pale mto unapozibwa ili maji yaingie kwenye mfongo.

Banio la zamani wazee walilijenga kwa mawe, matawi, vigogo vya migomba na udongo. Mafuriko ya masika yakija linabomoka lenyewe, mto unapita zake, mfereji unapona, maji yakitulia watu wanapiga msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanalirudishia na asiyekuja hapati zamu mpaka alipe faini. Mgeni akiliona anadhani ni umaskini tu lakini kule kubomoka ndiko kulikuwa hesabu yenyewe. Na hata likiwa zima lilikuwa linavuja, na yale yanayovuja ndio maji ya watu wa chini, maana mto huu hauishii kwetu, unaungana na mingine mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Kwenye ripoti ya mradi waliandika ni upotevu.

Basi ukaja mradi ukajenga ukuta wa zege. Mzee wetu alimwambia injinia kabisa, baba hapa mto unashuka na mawe, weka mlango wa kufungua, akajibiwa kwa heshima zote kwamba vipimo vimeshachukuliwa. Masika yalipofika ukuta haukubomoka, kweli ni imara na tunaupongeza, ila mto ulikosa pa kwenda ukaingia wote kwenye mfereji, ukakata kingo, ukashuka na vihamba (mashamba ya nyumbani) vya watu, kahawa na migomba yake. Leo tope limejaa nyuma ya ukuta, maji hayafiki mkiani mwa mfongo, nduwa, kibwawa tunachojazia maji ya usiku, imekauka na akina mama wanagombania zamu saa nane za usiku.

Mheshimiwa, hili hulisikii wewe wa kwanza. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapohapo akasema "nimelichukua", na tunaamini bado analo. Wakaja na wataalam, wakapiga picha za ukuta, wakala ndizi nyama, wakasifia ndizi. Hatusemi kwa ubaya.

Tunachoomba ni ukuta ukatwe katikati uwekwe geti la chuma tulifungue masika, na safari hii wazee wa mfongo wakae na injinia kabla mchoro haujachorwa, sio waitwe siku ya kukata utepe, na sahihi zao ziwepo kwenye mchoro. Hatuombi upendeleo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, sisi kukata mti kwenye chemchemi ilikuwa mwiko kabla ya hiyo sheria, na hiyo ya maji ya 2009 inatambua haki za maji za kimila, kwahiyo kwenye karatasi tupo, kwenye vikao ndio hatumo. Halafu msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005 na banio letu limo ndani ya mpaka, tunaomba utusemee tupate kibali cha mwaka mzima cha kwenda kuzoa tope, sababu tope halisubiri barua ijibiwe.

Mawe, mchanga na nguvukazi ni vya kwetu, tumeshajipanga. Kotesheni ya geti kutoka kwa fundi wa kuchomelea mjini tumeiambatanisha nyuma ya risala hii, ile ya mgeni aliyepita bei yake imeshapitwa na wakati ikabidi tuombe nyingine.

Chakula kipo tayari Mheshimiwa, ila wazee wameomba kwanza upande nao mpaka kwenye banio ulione kwa macho yako, gumbuti zipo pale kwa katibu za saizi zote, na ukishuka ututajie tarehe mbele ya hadhara.

Naomba kuwasilisha.