Anayetoka ziwani kwenda Makete aelezwe baridi inavyobadilisha kazi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila ajira mpya za afya zinapotoka, wapo vijana waliosoma na kufanya utarajali hapa Mwanza ambao hujikuta wamepangiwa nyanda za juu kusini, Njombe na Makete. Nyumbani maandalizi huishia kwenye koti na blanketi. Kwa maoni yetu koti ndilo jambo dogo. Baridi hubadilisha kazi yenyewe: kipimajoto, kifriji cha chanjo, mashine ya kutakasia vifaa, hata swali la kwanza unalomuuliza mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Kijana asipoambiwa mapema, anayeumia ni mgonjwa.

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vingi vya Makete viko juu ya mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kati ya Juni na Agosti kuna alfajiri ambazo majani ya Kitulo huamka meupe kwa barafu.

Wodi ya wazazi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, na chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25. Hapa kwetu chumba hufika huko chenyewe, kwa hiyo mkunga aliyefunzwa ziwani hana mazoea ya kukipasha. Kule, hita iwashwe kabla mama hajaanza kusukuma, madirisha yafungwe na nguo mbili kavu ziwe zimepashwa moto. Nguo ya kwanza ni ya kumkausha mtoto, kichwa kikiwemo, kisha itupwe pembeni mara moja, kwa sababu ikiloa inaendelea kumnyonya joto. Ya pili ni ya kumfunika akiwa amelala kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Asiogeshwe kabla ya saa 24, hata bibi akisisitiza. Mzani nao ni chuma baridi: tandika kitambaa, urudishe sifuri, ndipo umpime.

Kosa linalojirudia ni la kipimajoto. Cha kioo cha kawaida huanzia nyuzi 35, hivyo mtoto mwenye nyuzi 33 ataandikwa 35 na kuonekana amepoa kidogo tu. Kituo kiwe na kipimajoto kinachosoma hadi nyuzi 30 au chini ya hapo. Mtoto aliyepoa hulegea, huacha kunyonya na sukari yake hushuka. Ukimpasha joto na bado hachangamki, mtafutie maambukizi, usiisingizie hali ya hewa. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anayepewa rufaa asafiri kifuani kwa mama kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi, maana blanketi peke yake halitoi joto.

Kipima oksijeni cha kidole husoma vibaya au hakisomi kabisa kidole kikiwa baridi, kwa kuwa damu haifiki vizuri. Pasha mkono kwanza, halafu usubiri namba itulie. Wingi wa damu pia usisomwe kwa viwango vya pwani. Kadiri mtu anavyoishi juu ndivyo mwili unavyotengeneza damu zaidi, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza viwango virekebishwe kwa mwinuko. Mjamzito ambaye kwa namba za pwani anaonekana yuko salama, kule anaweza kuwa na upungufu.

Kuhusu homa, kijana wa Kanda ya Ziwa amezoea kuwaza malaria kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti. Kimelea cha malaria kali hakikomai ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, ndiyo maana milima ile ina malaria kidogo. Mtoto wa Makete mwenye homa na kupumua haraka, hesabu pumzi zake dakika nzima na ufikirie nimonia. Lakini usiende upande wa pili ukaisahau malaria. Uliza safari za maeneo ya chini yenye joto: Kyela, bonde la Usangu; au mjomba aliyekuja kutoka Mwanza. Watu wa baridi hawana kinga, wakiipata huzidiwa upesi, kwa hiyo pima. Njombe pia ndio mkoa ulioongoza kwa maambukizi ya VVU kwenye utafiti wa taifa wa 2022–2023, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kifua kisichopona kichunguzwe VVU na kifua kikuu bila kuchelewa.

Maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 hapa Mwanza, na kama 93 kwenye mita 2,100. Ya kunywa yaachwe yatokote dakika tatu. Mashine ya kutakasia vifaa ndiyo yenye hatari zaidi: presha ya pauni 15 kwenye mshale inayofikisha nyuzi 121 pwani haifikishi huko juu. Ongeza nusu pauni kwa kila mita 300 za mwinuko, yaani pauni 18 na nusu hivi kwenye mita 2,100. Tumia karatasi ya kiashiria, ile inayobadilika rangi joto likitosha, kila mzunguko, usiuamini mshale peke yake.

Kwenye chanjo, hofu yetu huku ni joto. Kule hofu inayosahaulika ni kuganda. Chanjo za pentavalenti (ya magonjwa matano), nimokoko (ya nimonia), pepopunda na HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimeharibika, na kuziyeyusha hakuzirudishi. Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza ziachwe nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo ziingie kwenye kasha. Kifriji kisomwe asubuhi na jioni, kibaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Sasa mtumishi mwenyewe. Akiwa na selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, baridi humwamshia maumivu; aeleze kwa maandishi na kuomba kituo kingine kabla ya kuripoti. Mwenye pumu aondoke na dawa za kuvuta za miezi mitatu. Aliyekulia kwenye maji ya ziwa apime kichocho cha tumbo hapa hapa. Akipata homa wiki za mwanzo, awaambie wenzake ametoka Mwanza, la sivyo malaria haitawajia akilini. Na akija likizo baada ya mwaka alale kwenye chandarua, kinga yake imepungua.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani usiku, hata kwa dakika kumi za kuota moto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha usingizi, na mlango uliofungwa vizuri kwa ajili ya baridi ndio unaoua. Tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Tunalisema hili kwa uzito kuliko yote.

Nguo ni tabaka: fulana inayobana, sweta la sufu, koti lisilopitisha upepo, soksi za sufu jozi nne, gambuti. Mbili tatu zinapatikana soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, nyingine subiri Makambako na Njombe, wanajua wanachouza. Dagaa wakavu wa soko la Mwaloni Kirumba wabebe, na sufuria ya presha, maana maharage huko hayaivi upesi.

Safari ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Singida, Dodoma na Iringa. Lala Njombe, usikimbilie kufika usiku. Beba vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, leseni ya baraza lako na nakala kadhaa. Ripoti mapema mwezini: taarifa zako zikichelewa kuingia kwenye mfumo, mshahara husogea mwezi unaofuata. Uwe na fedha ya kula na pango ya miezi miwili, mitatu ikiwezekana. Posho ya kujikimu uidai kwa barua.

Tunaziomba halmashauri za nyanda za juu ziambatanishe na barua ya kupangiwa kituo karatasi moja yenye mambo haya, na mwinuko wa kituo ukiwa umeandikwa juu kabisa. Vyuo vya hapa Mwanza navyo viwape watarajali siku moja ya mafunzo kabla hawajaondoka. Na kabla ya Juni, kila leba ya huko ipate hita inayowaka na kipimajoto cha kusoma chini.

Wahudumu wa afya,
Nyegezi, Mwanza