Msimwache Alale: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaokesha Klabu

Wajukuu zangu,

Salamu kwanza. Mimi ni bibi yenu, muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi hiyo miaka 34, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imeishia kwenye zamu ya usiku, chumba cha dharura, saa zile zile ambazo ninyi mko kwenye muziki. Tumekesha pamoja bila kujuana. Wengine wenu nimewaona mara moja tu maishani, mmelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, hamjui mko wapi wala mmeletwa na nani.

Siwaandikii kuwakataza kucheza. Ujana una usiku wake, na hata sisi tuliupitia. Nawaandikia kwa sababu ya swali moja niliulizwa na kijana alfajiri moja, nami sikumjibu inavyostahili. Barua hii ni jibu lake, limechelewa miaka mingi.

Vijana wanne walikuja wamembeba mwenzao mikononi. Mmoja ameshika kichwa, wawili kiwiliwili, mmoja miguu. Midomo ya yule aliyebebwa ilikuwa imegeuka rangi, inaelekea bluu, na kucha vilevile. Kifuani kwenye shati kulikuwa na matapishi, nayo yalikuwa yamekauka. Kukauka kule ndiko kulikoniambia habari yote kabla ya mtu kufungua mdomo: alitapika zamani, akiwa hajitambui, na hakuna aliyemgeuza. Tulihangaika naye, hakurudi. Nilipotoka kuwaambia wenzake, mmoja akanitazama kama mtu anayetafuta kosa lake lilipo, akasema, "Lakini sista, alikuwa anakoroma. Mtu anayekoroma si amelala?"

Hapana, mwanangu. Anayekoroma baada ya kunywa au kumeza kitu, ukimtikisa haamki, huyo hajalala. Ulimi na koo vimelegea, vimeanguka nyuma na kuziba nusu ya njia ya hewa. Ule mkoromo ni sauti ya pumzi inayopigania kupita. Ukinyamaza ghafla, msifurahi kwamba sasa ametulia.

Yule kijana aliyebebwa alikuwa amekunywa GHB juu ya pombe. Wengi wenu mnaijua kwa majina ya mtaani: maji yasiyo na rangi, yenye chumvi kidogo ulimini, yanayopimwa kwa kifuniko cha chupa. Daktari Mfaransa, Henri Laborit, aliifanyia utafiti miaka ya 1960 na ikatumika kama dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji. Fikirini hapo. Ni dawa ya kumpoteza mtu fahamu ili apasuliwe, mbele ya mtaalamu anayechunga pumzi zake bila kubandua macho, nanyi mnaipima gizani kwa kifuniko. Kati ya kipimo cha kuchangamka na kipimo cha kuzimika kuna tofauti ya mililita chache tu. Chupa ya leo inaweza kuwa kali kuliko ya juzi, na macho hayawezi kuiona tofauti hiyo. Wengine wanauziwa GBL, kiyeyushi cha viwandani, ambacho kikiingia mwilini hugeuka kuwa GHB ile ile. Ukiongeza pombe, vyote viwili vinakandamiza sehemu ile ile ya ubongo inayokumbusha kifua kupanda na kushuka. Mtu hafi kwa maumivu. Anasahau kupumua.

Sasa niwaambie habari ya binti mmoja, maana hii nayo ina kosa, na kosa ni letu sote.

Aliletwa usiku wa manane na marafiki watatu. Ngozi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba ukiweka mkono unautoa. Kipimajoto kilipita nyuzi 41. Taya limekaza, anasaga meno, miguu imekakamaa kama mbao. Tulipomwekea mpira wa mkojo, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Nikawauliza wenzake: amekula nini, amekunywa nini? Kila mmoja akatazama viatu vyake. "Hajatumia kitu, sista. Amechoka tu."

Tukaanza kumtibu kama mwenye homa ya maambukizi. Tukampa dawa ya kushusha homa. Joto halikushuka, na lisingeshuka, kwa sababu halikuwa homa ya wadudu. Lilitoka kwenye misuli yake mwenyewe. Dakika 40 zilipita hivyo. Ndipo kijana mmoja akanifuata kwenye korido, akaninong'oneza bila kuniangalia usoni: "Alimeza viwili. Cha kwanza kilikawia."

Cha kwanza kilikawia. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alichomeza ni vidonge vya ekstasi, na ekstasi humchukua mtu nusu saa hadi saa nzima kabla hajaanza kuisikia. Asiyejua hudhani ameuziwa kidonge kibovu, anaongeza cha pili, kisha vyote viwili vinamfikia kwa pamoja. Na kuna jambo baya zaidi: kidonge mnachokiita ekstasi mara nyingine ndani yake kina kemikali nyingine iitwayo PMA, ambayo hukawia zaidi, haichangamshi sana, lakini joto inalolipandisha ni la kuua. Aliyeongeza kwa kudhani kwamba hakijafanya kazi ndiye anayeletwa kwetu.

Msidhani tunasimulia mambo ya kizamani yasiyowahusu. Ekstasi ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1912. Ni kitu cha zaidi ya miaka 100, na namna kinavyoharibu mwili inajulikana. Kinaufanya ubongo umwage kwa mkupuo kemikali iitwayo serotonini. Ndiyo ile furaha na upendo wa ghafla kwa kila aliye jirani. Lakini kemikali hiyo hiyo inagusa pia joto la mwili, moyo na misuli. Ndani ya ukumbi uliojaa watu, hewa nzito, unacheza saa tatu bila kukaa, mwili unashindwa kujipooza. Misuli inaanza kuvunjika, mabaki yake yanaingia kwenye damu na kuziba figo. Ndiyo ile rangi ya chai niliyowaeleza. Binti yule alipona, namshukuru Mungu, ila baada ya wiki tatu za kusafishwa damu kwa mashine, akiwa na umri wa miaka 19.

Aliye kwenye dawa za sonona, au anayemeza tramadol, ile dawa ya maumivu, hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa dawa hizo nazo zinaongeza serotonini. Huyo asijaribu hata nusu.

Na maji? Hapa mmesikia nusu ya ukweli. Ni kweli anayecheza anahitaji maji. Lakini ekstasi huuzuia mwili kuyatoa. Anayekunywa chupa juu ya chupa kwa hofu ya joto anaizimua chumvi ya damu yake, ubongo unavimba, anaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, kisha degedege. Anayecheza atosheke na nusu lita kwa saa, kwa kunywa kidogo kidogo. Aliyekaa, nusu ya hapo.

Ketamini inaniuma kwa namna yake, kwa sababu ni dawa yetu ya usingizi hospitalini. Nimeishika kwenye sindano miaka na miaka. Iligunduliwa mwaka 1962, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya dawa muhimu, hasa pale ambapo hakuna mashine kubwa za usingizi. Imeokoa kina mama na watoto mbele ya macho yangu. Sasa inavutwa puani vyooni. Na anayeivuta wiki hadi wiki, kibofu chake kinaungua kwa ndani, kinakuwa kigumu na kusinyaa. Madaktari walianza kuandika juu ya madhara haya mwaka 2007. Nimemwuguza kijana wa miaka 24 aliyekuwa anakwenda haja ndogo kila baada ya robo saa, usiku na mchana, na kila safari damu na machozi. Alikuwa akivuta ketamini zaidi ili kutuliza maumivu yaliyoletwa na ketamini. Wapo waliofikia kuondolewa kibofu kabisa. Akiacha mapema, kibofu kinaweza kupata nafuu. Akichelewa, hakirudi.

Hata ile gesi ya kucheka, ile ya maputo, mnayoiona mchezo wa watoto, inaiharibu kazi ya vitamini B12 mwilini. Akiivuta mara kwa mara, mtu anaanza kusikia ganzi vidoleni, kisha miguuni, kisha anatembea akiyumba kama mlevi ilhali hajaonja pombe. Uti wa mgongo ndio unaolia hapo. Ukisikia ganzi, mwambie daktari jina la gesi hiyo, usimwachie kubahatisha.

Kuna wanaotiliwa dawa kwenye kinywaji pia. Hawakuchagua chochote. Waligeuka kusalimia, kinywaji kikabaki mezani peke yake. Anayelewa kuliko alivyokunywa, aondolewe pale na rafiki anayemfahamu, si na mgeni mwema aliyejitokeza ghafla. Na akiamka asubuhi hana kumbukumbu, mwili unamwambia kuna jambo lilitendeka, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kupata ujasiri. GHB hutoweka kwenye mkojo baada ya takriban saa 12. Mkojo wa kwanza ndio ushahidi. Tena aliyetendewa hana kosa, awe alivaa nini, awe alikunywa nini.

Sasa nirudi kwenye jibu langu, mkononi kwenu. Mwenzenu akianguka, mwiteni jina kwa nguvu, mtikiseni bega. Asipoitika, pigeni simu ya dharura hapo hapo, kabla ya kujadiliana. Mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa mbele ili asibiringike, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini, matapishi yatoke yasirudi kooni. Mmoja aweke mkono mbavuni na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima anapumua mara 12 hadi 20. Zikipungua chini ya hapo, au zikija kwa kuruka, au midomo ikianza kupoteza rangi, mwambieni aliye kwenye simu maneno hayo hayo. Pumzi zikikatika, anzeni kumkandamiza kifua mkifuata anavyowaelekeza. Aliyepata joto kali atolewe nje, apunguziwe nguo, aloweshwe maji na kupepewa. Msimmwagie maji aliyezimika mkidhani atazinduka, msimnyweshe maziwa, msimtapishe, msimzabe makofi. Na asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kutafuta gari.

Palipo na nalokisoni, ile dawa ya kupulizia puani, itumieni bila kusita. Siku hizi unga na vidonge vya kuigiza vinachanganywa fentanili, dawa kali mno ya maumivu ya jamii moja na heroini, na miligramu 2 tu zinaweza kumuua mtu mzima. Nalokisoni inairudisha pumzi kwa dakika chache. Kama hakumeza kitu cha jamii hiyo, haimdhuru. Lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla ya sumu yenyewe, kwa hiyo hospitali ni lazima, hata akiinuka na kusema yuko sawa.

Neno la mwisho ndilo gumu kwangu. Yule kijana aliyeniuliza habari ya kukoroma, nilimfokea. Nilimwambia ninyi ndio mliomuua. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na kijana wa umri wao nyumbani. Lakini nimefikiri sana tangu hapo: wale watatu waliomleta yule binti, wakatazama viatu vyao, walikuwa wamefundishwa na nani kunyamaza? Na sisi. Walishasikia tunavyowafokea waliotangulia, tunavyowaita mateja mbele ya watu, tunavyowatisha kwa wazazi wao. Zile dakika 40 za yule binti, sehemu yake ni yangu.

Kwa hiyo nawaomba kitu, na naomba nikijua sina haki kubwa ya kuomba. Mkimleta mwenzenu, mtakuta muuguzi aliyesimama tangu jioni. Huenda akawa mkali. Huenda akasema maneno yatakayowauma. Mwambieni hivyo hivyo akiwa anafoka: amemeza nini, vingapi, saa ngapi, na pombe kiasi gani. Kama kuna kidonge kimebaki mfukoni, mpeni. Kama hamjui kilikuwa nini, semeni hamjui. Anapowauliza anatafuta dawa ya kumchoma mgonjwa, na bila jibu lenu anabahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Na wewe kijana wa alfajiri ile, kama unasoma, sasa ni mtu mzima, pengine una watoto. Ulimbeba rafiki yako mikononi mpaka mlangoni kwetu. Hukujua, na hakuna aliyekuwa amekufundisha. Nisamehe.

Ni mimi bibi yenu,
muuguzi mstaafu