Anayeuza asiachiwe kupima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalorudi kila Serikali inapotangaza kununua vivuko, mabasi au magari mapya, nalo ni swali la nani hasa huthibitisha kwamba kilicholetwa ndicho kilichoagizwa.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi katika karakana ya taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam. Siku moja tulipokea magari mapya, na fundi wa mzabuni ndiye aliyeshika fomu ya ukaguzi, akisoma vipengele na kuweka alama ya vema yeye mwenyewe, huku sisi wa kamati ya mapokezi tumekaa kivulini na soda zetu mkononi. Nilipofungua boneti ya gari la tatu nilikuta betri ndogo kuliko ile iliyotajwa katika maelezo ya zabuni. Niliposema, nikaambiwa nisicheleweshe malipo ya watu. Nilitia saini, na mpaka leo sijivunii.

Betri ni jambo dogo, lakini chombo cha mabilioni hupokewa kwa karatasi za namna hiyohiyo. Wasomaji watakumbuka MV Dar es Salaam, kivuko kilicholetwa mwaka 2014 kwa takriban shilingi bilioni 8 ili kitupunguzie foleni kwa safari za Bagamoyo, kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaja kueleza kwamba kasi yake haikufikia ile iliyotakiwa katika mkataba. Kasi ya chombo hupimwa baharini kwa saa chache tu, na mahali pa kugundua upungufu huo ni kwenye majaribio, fedha zikiwa bado mkononi mwa mnunuzi.

Mtu asidhani kwamba haya hutokea kwetu peke yetu. Mwaka 2002 Walinzi wa Pwani wa Marekani walianza mpango mkubwa wa kufanya upya meli na ndege zao, uitwao Deepwater, na kwa kuwa hawakuwa na wataalamu wa kutosha, waliipa kampuni ya ubia ya Lockheed Martin na Northrop Grumman kazi ya kuunda vyombo na, papo hapo, kazi ya kusimamia mpango wenyewe. Boti za doria zenye urefu wa futi 110 zilirefushwa hadi futi 123. Viunzi vyake vikaanza kupinda na kupasuka, na Novemba 2006 boti zote 8 zilizokuwa zimerefushwa zilisimamishwa kazi, baada ya kutumia karibu dola milioni 100. Mwaka uliofuata Walinzi wa Pwani walitangaza kuirudisha kazi ya usimamizi mikononi mwao.

Kwa uzoefu wangu, ushawishi wa mzabuni hauanzi siku ya makabidhiano. Huanza pale taasisi isiyo na mhandisi wake inapomwomba muuzaji, kwa nia njema kabisa, aisaidie kuandika sifa za kitu kinachotakiwa, naye huandika sifa za kitu alichonacho ghalani. (Semina ya siku tatu hotelini nayo husaidia.) Mfumo wa NeST, yaani mfumo wa kompyuta wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, umeziweka zabuni mahali pa kuonekana, nami naupongeza, lakini mfumo wa kompyuta hauingii chini ya gari wala haushuki kwenye chumba cha injini.

Ninachoomba ni kwamba mhandisi anayelipwa na Serikali aandike sifa hizo, afuatilie uundaji na awe na mamlaka ya kukataa kupokea bila kuhamishwa kituo, na kwamba taarifa ya majaribio ichapishwe pamoja na bei ya mkataba. Sisi tunaovuka Magogoni kila asubuhi tungependa kuisoma taarifa hiyo kabla utepe wa kivuko kijacho haujakatwa.

Fundi mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam