Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mugonjwa wa reanimasio (fasi ya bagonjwa mahututi) na njia ya kuenda skana

Jambo yenu bandugu bote ba chama. Mambo ya makuta mutunza sanduku ameshaisoma, sitarudilia, bale habajatoa mchango banajijua. Mimi niko na neno moja yenye iliniuma roho mwaka huu.

Munakumbuka yule kijana wa ajali ya barabara ya Likasi, mwenye tulimupeleka skana, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili, na tiyo ya kupumulia ndani ya koo. Picha yenyewe, kutoka kichwa mpaka mapaja, haikufikisha dakika moja. Lakini kumutoa kwa kitanda, kupita korido, kungojea umeme irudi, kumurudisha, yote ile ilikula karibu saa nzima na oksijeni ikatuishia njiani. Chupa ya litri 5 ikijaa bar 200 (bar ni kipimo ya nguvu ya hewa yenye kubanwa ndani) inabeba litri 1000, njo yenye tunazoea, lakini yetu ilikuwa bar 50 tu na hakuna mwenye aliangalia, ile ni litri 250, ukifungua litri 15 kwa dakika unapata dakika 16 basi. Tulimupuliza na balo ya mukono, ile ya kufinya juu hewa iingie ndani ya mapafu, mpaka kitandani. Mungu alisaidia, alipona.

Njo maana wakati bamoja benu balileta maneno ya ile mashine ya PET ya California (inapiga picha kwa kufuata dawa yenye miale ndani ya mwili), yenye urefu karibu metre 2, yenye ilitoa picha za kwanza za bantu 2018, nilikatala, na haiko juu ya kuchukia maendeleo. Ni mashine ya ajabu kweli, inaona mwili muzima mara moja. Lakini ile dawa ya fluor 18 yenye banachoma mugonjwa inapoteza nusu ya nguvu kila dakika 110, ikilala usiku moja Kasumbalesa, kwa mpaka ya Zambia, tutapokea maji tu. Na mugonjwa wetu bado atapashwa kupita ile korido.

Hata skana ya mwili muzima haiko ya kila mutu. Uholanzi na Uswisi balijaribu kwa majeruhi zaidi ya 1000, matokeo ikatoka 2016: bale balipitishwa skana nzima palepale, na bale balianza na radio (picha ya rayon X) na ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) kisha skana ya sehemu yenye mashaka, kufa ilikuwa karibu sawasawa.

Kwa hiyo komite iliweka nguvu yote kwa ekografi ya kitandani. Munganga Lichtenstein wa Ufaransa alionyesha 2008 kama kwa mapafu inaweza kujua sababu ya mugonjwa kukosa pumzi, mara nyingi sana inasema kweli. Leo banfirmie betu ba usiku banaona maji, hewa yenye imetoka inje ya pafu, damu ndani ya tumbo, bila kusogeza mutu, na ninabashukuru kwa roho yote. Ubongo ya mukubwa lakini ekografi haituonyeshe vizuri, mufupa inazuia, kwa kichwa tutaendelea kutoka.

Kwa kutoka tuko na karatasi ya kuangalia sasa: presio ya damu, tiyo imefungwa nguvu isitoke, kreatinine (kipimo ya damu ya kujua kama mafigo inatumika) mbele ya kuchoma dawa ya rangi ya skana, bar za chupa. Sitakubali tena mugonjwa avuke mulango bila mutu moja kusoma zile bar kwa sauti.